Wales: kwenda mji mkuu kwa kupitia nchi ya jirani

Mtu wa Bangor, kaskazini mwa Wales, akipanda treni ya kwenda London atafika kwa muda wa saa tatu na ushei. Akitaka kwenda Cardiff, mji mkuu wa nchi yake mwenyewe, ajiandae kwa saa nne na zaidi, ingawa kwenye ramani Cardiff iko karibu zaidi kuliko London. Tena hiyo treni ya Cardiff haikatizi ndani ya Wales. Inavuka mpaka na kuingia Uingereza, inafika Shrewsbury, inateremka hadi Hereford, ndipo inarudi Wales kupitia Abergavenny. Hakuna reli hata moja inayounganisha kaskazini na kusini mwa Wales bila kupita katika ardhi ya jirani.

Nikisema Uingereza katika makala haya nazungumzia nchi moja tu kati ya nne za Ufalme wa Muungano. Nyingine ni Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini. Wales ina watu wapatao milioni 3.1, ina bunge lake tangu mwaka 1999, ambalo siku hizi linaitwa Senedd, na ina serikali inayosimamia afya, elimu na barabara kuu. Kuhusu reli, mambo ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha malalamiko ya miaka mingi.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili. Naishi Aberystwyth, mji mdogo wa chuo kikuu ulio katikati ya pwani ya magharibi, ambako ndoa ndiyo iliyonileta. Wengi ninaowakalimania wametoka Kivu na Burundi, watu walioomba hifadhi. Kwa miaka mingi waombaji hifadhi nchini Wales wamepangiwa makazi hasa katika miji minne: Cardiff, Newport na Swansea upande wa kusini, na Wrexham kaskazini-mashariki. Aberystwyth haiko jirani na mji wowote kati ya hiyo, kwa hiyo nimeijua miundombinu ya Wales kwa kukaa ndani yake.

Nikiitwa Cardiff nina njia mbili. Ya kwanza ni treni. Tunaondoka tukipita Borth, tunafika Machynlleth ambako mabehewa yanayotoka Pwllheli huunganishwa na yetu, kisha Newtown, Welshpool na hatimaye Shrewsbury, karibu saa mbili kwa jumla. Hapo unashuka, unabadilisha jukwaa na kungoja treni ya kusini, safari nyingine ya saa mbili. Reli ya Aberystwyth ni ya njia moja. Treni inayokwenda na inayokuja hupishana sehemu chache tu, kwa hiyo moja ikichelewa inaichelewesha na mwenzake. Njia ya pili ni basi la T1, linalopita Aberaeron na Lampeter na kuchukua zaidi ya saa mbili kufika Carmarthen, ambako unapata treni ya Cardiff. Kwa vyovyote vile, kazi ya saa moja inameza siku nzima.

Ndiyo maana kazi nyingi za mbali siku hizi zinafanywa kwa simu. Wanaolipa wakalimani wakitazama gharama ya nauli na muda wa njiani, wanaona bora wanipigie. Siku moja nilimkalimania hivyo mama mmoja aliyekuwa hospitalini mji wa mbali. Daktari akauliza maumivu yako wapi. Mama akajibu, "Ni hapa, dada. Kunaniuma hapa." Nikamwomba anieleze hapo ni wapi, juu ya kitovu au chini. Akanijibu, "Hapa ninaposhika." Nilikuwa jikoni kwangu na simu sikioni, sioni mkono wake ulipo. Nikamwomba daktari atutajie anachokiona, naye akataja, lakini nilijua yule mama ameshaingiwa na haya. Kama ningekuwa ndani ya kile chumba angeninong'oneza, kama wanavyofanya kina mama wote mbele ya daktari mwanamume, nami ningelisema lile neno kwa niaba yake. Gharama ya umbali niliipimia hapo.

Watu wengi husema umbali huu umeletwa na milima. Ni kweli Wales ni nchi ya milima, na kupitisha reli kati ya Snowdonia na mabonde ya kusini ni kazi ngumu. Lakini ukisoma historia utaona kwamba kila reli iliyopo ilijengwa kwa sababu kulikuwa na kitu cha kusafirisha. Reli ya Taff Vale, iliyochorwa na mhandisi Isambard Kingdom Brunel na kukamilika mwaka 1841, ilishusha chuma na makaa ya mawe kutoka Merthyr Tydfil hadi bandari ya Cardiff. Reli ya pwani ya kaskazini ilipeleka barua na abiria wa Ireland kwenye bandari ya Holyhead. Reli nyembamba za Blaenau Ffestiniog na Bethesda zilibeba vigae vya mawe. Zote zilitoka machimboni kwenda baharini, au mashariki kwenda London. Aliyelipa hakuwa na haja ya kumfikisha mtu wa kaskazini kwa ndugu yake wa kusini.

Nililielewa jambo hili upesi kwa sababu mimi ni mtoto wa Nachingwea. Serikali ya London ilianzisha mradi wa karanga mwaka 1947 na ikatujengea reli kutoka Mtwara. Karanga zikakataa, mradi ukafutwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Watu wa kusini mwa Tanzania tulibaki na barabara ya Kibiti kwenda Lindi, ambayo mvua zikinyesha haikupitika, na mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko. Najua hali ya mkoa unaosifiwa kwa utulivu wake huku ukikosa barabara.

Huku Wales kufungwa kulikuja miaka ileile. Mwaka 1963 Richard Beeching, mkuu wa shirika la reli la taifa, alitoa ripoti iliyopendekeza kufunga maelfu ya kilomita za reli zilizoonekana hazilipi. Reli ya Aberystwyth hadi Carmarthen, yenye urefu wa kilomita 90 hivi, ilikatwa na mafuriko ya Desemba 1964, na Februari 1965 abiria walisafirishwa kwa mara ya mwisho. Ile ya kutoka Bangor kushuka Afon Wen ilikuwa imefungwa miezi michache tu kabla. Kwa hatua hizo mbili, upande wote wa magharibi ulipoteza uti wa mgongo wake. Leo sehemu ya njia ile ya Carmarthen ni ya watembea kwa miguu na baiskeli. Ukipita karibu na Tregaron utaona tuta limenyooka katikati ya kinamasi, pana vya kutosha treni moja, na kando yake kondoo wanakula majani.

Watu wa huku hawajakata tamaa. Kundi la wananchi liitwalo Traws Link Cymru limedai kwa miaka kadhaa reli hiyo irudishwe, na mwaka 2018 uchunguzi wa kitaalamu ulionyesha inawezekana, kwa gharama ya kufikia pauni milioni 775. Ni fedha nyingi kwa Wales peke yake. Ili kuelewa kwa nini hazipatikani, lazima tufuate mkondo wa fedha.

Msomaji wa Tanzania ataelewa haraka nikisema kwamba reli ni jambo la Muungano. Serikali ya Wales inasimamia huduma za treni kupitia kampuni yake ya umma, lakini njia zenyewe, madaraja na mitambo ya ishara viko chini ya London, isipokuwa reli za mabonde ya kaskazini mwa Cardiff ambazo Wales ilizichukua mwaka 2020. Uskoti na Ireland ya Kaskazini zilikabidhiwa reli zao zamani. Kwa hiyo Uingereza ikitumia fedha katika reli, Uskoti na Ireland ya Kaskazini hupata mgao kwa kanuni iitwayo Barnett, na Wales haipati, kwa hoja kwamba reli ya Wales na ya Uingereza ni kitu kimoja.

Mfano unaouma kuliko yote ni HS2, reli ya mwendo kasi kutoka London kwenda Birmingham, ambayo awali ilipangwa kufika hadi Manchester na Leeds. Hakuna hata mita moja ya reli hiyo ndani ya Wales, lakini iliandikwa katika vitabu vya serikali kuwa mradi wa "Uingereza na Wales". Hoja ya London ilikuwa kwamba watu wa kaskazini mwa Wales watanufaika kwa kubadilisha treni pale Crewe. Mwaka 2021 kamati ya Bunge la London inayoshughulikia Wales, ikiongozwa na mbunge wa chama kilekile kilichokuwa madarakani, ilishauri mradi huo uhesabiwe kuwa wa Uingereza peke yake. Ushauri haukufuatwa. Oktoba 2023 Waziri Mkuu Rishi Sunak akakifuta kipande cha kwenda Crewe na Manchester. Sababu ya Crewe ikaanguka, lakini jina la mradi halikubadilishwa.

Jina hilo lina thamani ya fedha taslimu. Katika kanuni ya Barnett, kila wizara ya London hupewa kiwango kinachoonyesha ni sehemu gani ya matumizi yake inahusu mambo ambayo Wales inajiendeshea. Mwaka 2015 kiwango cha uchukuzi kwa Wales kilikuwa asilimia 80.9. Kufikia 2021 kilikuwa kimeshuka hadi 36.6, kwa sababu HS2 ilikuwa imevimbisha bajeti ya reli ambayo Wales haihesabiwi mgao wake. Serikali ya Wales nayo imekuwa ikieleza kwamba eneo lake lina asilimia 11 ya njia za reli za Uingereza na Wales, lakini katika miaka iliyofuata 2011 lilipata asilimia 1 hivi tu ya fedha za kuboresha reli.

Ahadi zilizotolewa nazo hazikudumu. Reli ya London hadi Swansea iliahidiwa umeme. Julai 2017 waziri wa uchukuzi wa London, Chris Grayling, akaamua umeme uishie Cardiff. Hadi leo treni ya London ikifika Cardiff huzima umeme na kuendelea kwa dizeli kuelekea Swansea, mji wa pili kwa ukubwa nchini. Mwaka 2023 Sunak aliahidi pauni bilioni 1 kwa ajili ya umeme wa reli ya pwani ya kaskazini, na nguzo hata moja haikusimikwa. Juni 2025 serikali mpya ya London ilitenga angalau pauni milioni 445 kwa reli za Wales katika muda wa miaka kumi. Nilizipokea habari hizo kwa shukrani, kwa kuwa serikali yenyewe ilikiri kwamba Wales haikutendewa haki siku za nyuma. Lakini vituo vipya vitakavyotoka katika fungu hilo viko hasa kati ya Cardiff na mpaka wa kusini-mashariki, na kuna kazi upande wa Wrexham. Magharibi inaendelea kungoja.

Hapo ndipo linapoanza suala la pili, ambalo wanasiasa wa Cardiff hulisema kwa sauti ya chini. Wales inailalamikia London, na ina haki. Lakini ndani ya Wales kwenyewe kuna mji mkuu na kuna pembezoni.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Eneo la Cardiff na mabonde yake lina karibu nusu ya watu wote wa Wales, na mabonde hayo si ya matajiri. Rhondda, Merthyr na Rhymney zilivunjika migodi ya makaa ya mawe ilipofungwa, na mtu anayeishi Treherbert anahitaji treni ya kumfikisha kazini. Serikali ya Wales imetumia zaidi ya pauni bilioni 1 katika mradi wa Metro ya Kusini na kutandaza umeme kwenye kilomita 170 za njia. Nimezipanda treni mpya za huko na nimefurahi kwa ajili ya wenyeji. Barabara ya A465, inayopita juu ya mabonde hayo, ilianza kupanuliwa mwaka 2002 na kazi ikakamilika mwaka 2025. Hata barabara ya kuepusha msongamano wa M4 pale Newport, Waziri Kiongozi Mark Drakeford alipoifuta mwaka 2019 kwa sababu za gharama na mazingira, pauni milioni 114 zilikuwa zimeshatumika katika maandalizi peke yake.

Sasa tazama kaskazini. Kisiwa cha Anglesey kinaunganishwa na bara kwa madaraja mawili, la Menai la mwaka 1826 na la Britannia la mwaka 1850. Oktoba 2022 daraja la Menai lilifungwa ghafla kwa sababu za usalama, na likabaki limefungwa hadi Februari 2023. Kwa zaidi ya miezi mitatu magari yote ya kisiwa, pamoja na malori ya bandari ya Holyhead, yalibanana kwenye daraja moja ambalo upepo mkali ukivuma huwekewa masharti. Lilipofunguliwa, hazikupita wiki mbili serikali ya Cardiff ikatangaza matokeo ya mapitio yake ya miradi ya barabara. Mradi wa daraja la tatu ulikuwa miongoni mwa iliyofutwa. Lengo la kupunguza moshi wa magari ni jema na naliunga mkono. Ila mtu wa Cardiff anayeambiwa aache gari ana treni ya kupanda, na mtu wa kijiji cha Anglesey, au cha Ceredigion, wilaya ninamoishi, anaambiwa maneno yaleyale akiwa amesimama kwenye kituo cha basi lisilopita jioni.

Kiini cha tatizo ni hesabu. Mradi wowote hupimwa kwa faida itakayopatikana kwa kila pauni inayotumika, na faida kubwa hutokana na dakika zinazookolewa na abiria wengi. Penye abiria wengi hesabu inakubali. Pasipo na abiria inakataa, na wala haiulizi kwa nini hawapo. Tangu mwaka 1965 hakuna abiria wa treni kati ya Aberystwyth na Carmarthen kwa sababu hakuna treni. Kijana anayemaliza shule Tregaron akitaka kazi anahamia Cardiff au Manchester, idadi ya watu inapungua, na mwaka unaofuata hesabu inakataa kwa nguvu zaidi. Hao vijana wanaoondoka ndio wasemaji wa lugha ya Kiwelsh, kwa kuwa maeneo ya magharibi na kaskazini-magharibi ndiyo ngome yake, na serikali hiyohiyo imejiwekea lengo la wasemaji milioni moja ifikapo 2050.

Wanaoumia zaidi ni wagonjwa. Wilaya ya Powys ina karibu robo ya ardhi yote ya Wales na haina hospitali kuu hata moja. Mgonjwa wa huko hupelekwa Aberystwyth, Merthyr, au ng'ambo ya mpaka, Shrewsbury na Hereford. Kwenye treni ya asubuhi nimezoea kukaa na wazee wanaokwenda kliniki, mkobani wana chakula cha siku nzima, na jambo wanaloulizana kwanza ni treni ya kurudi. Barabara ya A470, inayotoka Cardiff hadi Llandudno kwa karibu kilomita 300, ndiyo njia kuu ya kaskazini na kusini. Ukishapita Merthyr, sehemu kubwa yake ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, inayokatiza katikati ya miji kama Rhayader, nyuma ya matrekta.

Fedha zikiwekwa, matokeo huonekana. Karibu na Machynlleth kuna daraja la mawe juu ya Mto Dyfi, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 19. Mto ukifurika barabara ya A487 ilifungwa, na wafanyakazi, wanafunzi na magari ya wagonjwa walizunguka mbali. Februari 2024 lilifunguliwa daraja jipya la pauni milioni 46, limeinuliwa juu ya bonde lote. Siku hizi mvua zikinyesha watu wa Machynlleth hawaulizani tena kama njia inapitika.

Ninachokitaka ni mambo matatu, na hakuna lililo geni kwa wanaofuatilia siasa za huku. Kwanza, reli za Wales zikabidhiwe Wales pamoja na mgao wake kamili, kama ilivyofanyika kwa Uskoti, kwa sababu kukabidhiwa njia kuukuu bila fedha ni kubebeshwa deni. Pili, serikali ya Cardiff ibadili kipimo chake, ili katika kila mradi ihesabu pia idadi ya watu wasio na njia nyingine ya kufika hospitali, chuo au kazini. Tatu, ardhi ya reli ya zamani kati ya Aberystwyth na Carmarthen ilindwe isijengwe zaidi, maana kila nyumba inayosimama juu yake inaongeza gharama ya kesho.

Kuanzia uchaguzi wa Mei 2026, Bunge la Wales lina viti 96 badala ya 60, na kila jimbo kati ya majimbo 16 lina wabunge sita. Wabunge wa Ceredigion, Gwynedd na Powys wamekuwa wakiipeleka hoja ya HS2 London kwa umoja, vyama vyote, na nawaheshimu kwa hilo. Hoja ileile wanatakiwa kuipeleka Cardiff. Wakisema kwamba si haki nchi kunyimwa mgao kwa sababu ni ndogo na iko pembeni, basi si haki kwa wilaya pia, na bajeti ya kwanza watakayoipitisha ndiyo itakayotuonyesha kama wanaiamini.